Gitaa la Hiza Ndani ya Maiki Yangu

Jumapili, 8 Septemba 2024

Tumerudi Handeni na basi la asubuhi. Nimelala mpaka alasiri. Nimeamka na aibu ileile niliyolala nayo.

Jana tumerekodi. Albamu ya laivu! Lwengera Jazz, watu wanne tu: Hiza gitaa, Jabiri besi, Leboo dramu, mimi saksafoni na kuimba. Ukumbi karibu na stendi ya Korogwe, saa tisa mchana, viti vyote vimejaa. Mustafa, fundi wetu wa kurekodi, alizima feni zote zisiingie kwenye sauti. Jasho! Shati nililojishonea wiki nzima liliganda mgongoni kabla ya wimbo wa pili.

Na Faudhia alikuja. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kukanyaga ukumbi wa dansi. Safari hii mchana, hakuna pombe, akasema kwa nini asije kumsikia mume wake. Alivaa kitenge cha zambarau. Akakaa mstari wa mbele, pembeni ya Emiliana, mke wa Hiza. Hawakuwa wanajuana. Niliwaona wakisalimiana, nikageuka kufuta saksafoni.

Niandike. Daftari hili la vipimo vya wateja hakuna anayelifungua ila mimi.

"Majani Mawili" ni wimbo wa Hiza. Aliutunga mwaka tisini na nne, Emiliana akiwa mchuma chai Dindira. Kila ukumbi tunaopiga, mimi ndiye nauelezea kwa watu. Nasema: wimbo huu ni wa mzee Hiza, alimtungia mkewe. Nimesema hivyo mara mia.

Lakini mwaka tisini na nane, nilipokuwa namtaka Faudhia, nilimwambia nimeutunga mimi. Kwa ajili yake. Majani mawili ni mimi na wewe, nikamwambia, na chipukizi ni mtoto tutakayempata. Akanikubali. Munira alipozaliwa akamwita Chipukizi mpaka alipoanza shule. Hajawahi kuuliza Mzigua wa Handeni, mshona nguo, anajua nini kuhusu chai ya shambani.

Basi jana zamu ya "Majani Mawili" ikafika. Hiza ana tabia yake: hangoji umalize kusema, anaanza kupiga polepole chini ya maneno yako. Akaanza. Nikashika maiki. Faudhia ananitazama anatabasamu. Emiliana ananitazama. Nikasema, "Wimbo huu niliutunga mimi, kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye leo yupo hapa."

Niliyasikia yakitoka. Hiza hakusita hata kidogo. Alipiga utangulizi ambao sijawahi kumsikia akipiga, mrefu, mtamu, kama vile anajibu. Wimbo ulipoisha akasogelea maiki yake akapaza sauti, "Mnawaona Wazigua? Mtani kachukua jogoo wangu mchana kweupe! Mwacheni ale!" Ukumbi mzima ukacheka. Yeye Msambaa, mimi Mzigua, nani asiyejua tunavyotaniana? Faudhia naye alicheka mpaka akafuta machozi.

Hiza aliniokoa. Na mimi nikacheka pia — ndicho kinachonichoma zaidi. Nilicheka kama mtu aliyetania.


Jumatatu, 9 Septemba 2024

Sare sita za shule zimekatwa, hakuna hata moja iliyoshonwa. Faudhia anaimba jikoni. Anaimba wimbo huo.

Anasema yule mama wa Dindira ni mpole sana, wamepeana namba za simu.


Jumatano, 18 Septemba 2024

Jabiri kapiga simu asubuhi. Hiza kapata kiharusi juzi usiku. Mdomo umevutika kidogo, mguu unaburuta, na mkono wa kushoto hauna nguvu. Mkono wa kushoto! Ndio unaokamata nyuzi.

Tumepiga pamoja miaka thelathini.

Nikasema nitakwenda. Faudhia amempigia Emiliana hapohapo, wameongea nusu saa. Mimi nimekaa kwenye cherehani nikijifanya natunga uzi.


Jumamosi, 28 Septemba 2024

Bado sijaenda Dindira. Nimeishia Korogwe, studio kwa Mustafa, kusikiliza kazi.

Kazi nzuri. Sikutegemea. Leboo kapiga dramu vizuri mno, na pale pa ng'ombe (ndivyo anavyoita sehemu ambayo mguu unakwenda wenyewe) watu wanasikika wakipiga makofi kwa mapigo. Nikafurahi nusu saa nzima.

Halafu Mustafa akaweka "Majani Mawili".

Sauti yangu. Kubwa, ya kujiamini, ya mtu asiye na haya. Nikamwambia, pale mwanzo, nikiongea, pakatwe. Akasema haiwezekani. Maiki ya gitaa ilikufa tangu wimbo wa pili, hakutuambia asitutie hofu. Gitaa lote la Hiza kuanzia hapo limeingia kupitia maiki yangu, kwa sababu spika yake ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Ukikata mdomo wako, Mzee Mhina, akasema, unakata na gitaa la Hiza. Wimbo utaanzia pale ngoma zinapoingia.

Yaani sekunde hamsini na mbili. Mustafa kazipima. Hamsini na mbili zote za Hiza, na sauti yangu imekaa juu yake.

Nikasema tuurudie studio. Mustafa akanitazama tu. Wote wawili tunajua hali ya ule mkono.


Jumapili, 29 Septemba 2024

Nimempigia Mustafa. Nimemwambia akate.

Akauliza kama Hiza anajua. Nikasema ndiyo, amekubali.

Sijaongea na Hiza tangu augue! Ulimi wangu umezoea sasa. Hauombi hata ruhusa.


Jumanne, 1 Oktoba 2024

Mustafa katuma wimbo uliokatwa. Nimeusikiliza nikiwa nimejifungia chooni. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili, chooni na simu sikioni.

Unaanza ghafla. Ngoma, besi, halafu mimi naimba. Mtu asiyejua hatagundua kitu. Nilitegemea nitapumua. Sikupumua.


Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimerudi sasa hivi kutoka Dindira, magoti yote yanauma. Nitaandika yote.

Nilipanda basi la alfajiri mpaka Korogwe, kisha bodaboda kupandisha milima. Sukari kilo tano, sabuni, na shati la flana nililomshonea Hiza, vifungo vikubwa ili aweze kufunga kwa mkono mmoja. Huko juu ukungu na baridi, chai pande zote mbili za barabara, wanawake na vikapu mgongoni. Miaka yote nimeimba kuhusu chai. Nimepita nikaona haya hata mbele ya mashamba.

Hiza alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, blanketi mabegani. Kakonda. Aliponiona akasema, polepole, maneno yakiteleza, "Mzigua! Umekuja kuiba na kuku waliobaki?"

Nikamwambia shikamoo, kitu ambacho sijawahi kumwambia kwa sababu sisi ni watani, hatuamkiani hivyo. Akashtuka. Akasema, "Kwani nimekufa?"

Nikakaa. Emiliana alikuwa anamenya ndizi, ametugeuzia mgongo. Nikaanza. Nikasema mzee, siku ile Korogwe nilikosa, nimekuja kuomba radhi. Akainua ule mkono mzima kunizuia. Akasema mtani hakosi. Akasema, "Jogoo umemla, basi. Nilikwambia ule mbele ya watu wote. Ukiniomba radhi unanitoa kwenye utani, na mimi sitaki kutoka."

Nikasema haukuwa utani. Akasema anajua. Akasema lakini yeye ndiye aliyeufanya utani, na utani wake haurudishwi.

Nifanye nini na mtu kama huyo? Anafunga mlango wa msamaha kwa ukarimu!

Kisha akauliza kama Mustafa amemaliza. Akasema, "Nataka kuusikia ule mwanzo. Siku ile vidole vilikuwa vinajua njia vyenyewe. Hivi sasa" — akautazama mkono wa kushoto uliolala mapajani — "huu hautaurudia. Mwambie Mustafa anitumie kwenye simu ya Emiliana. Huo mwanzo tu, hata mengine sina haja."

Nikasema nitamwambia. Chai niliyopewa ilikuwa ya moto, nikaimeza yote kwa mkupuo nipate sababu ya macho kutoa machozi.

Emiliana alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika kwenye barabara ya mawe akasimama.

"Shemeji," akasema, "Hiza ni mtani wako. Mimi ni Mbena. Nimetoka Njombe kuja kuchuma chai hapa. Wazigua na Wabena wana utani gani?"

Nikasema hakuna.

"Basi Hiza akusamehe lililo lake. Wimbo alinipa mimi. Lililo langu hajanusamehea."

Nimeandika kama alivyotamka; maana yake, Hiza hawezi kusamehe kwa niaba yake. Kiswahili chake akipandwa na hasira kinarudi Njombe. Akaendelea taratibu, bila kupaza sauti. Akasema siku ile ukumbini, nilipotamka yale maneno, Faudhia alimshika mkono. Faudhia akamnong'oneza, dada, huu ndio wimbo wangu. "Na mimi nikamwambia hongera," akasema Emiliana. "Ningesemaje? Kavaa vizuri, kafurahi. Nikamwambia hongera."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini pale ni mwamba mtupu.

Akasema Faudhia anampigia simu kila siku kumjulia hali mgonjwa. Mwanamke mwema. "Na kila akinipigia, nakuwa mwongo pamoja na wewe. Mimi sikuzoea."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nikamwambia naweza kukata yale maneno. Sikusema kwamba nimeshakata. Lakini nilipoeleza kwamba gitaa nalo litaondoka, akanisogelea mpaka nikarudi hatua. "Ukate gitaa la mume wangu ili ufiche mdomo wako? Ukifanya hivyo usipande tena mlima huu. Hata msibani usije."

Na anachotaka? "Mwambie mkeo. Wewe mwenyewe. Basi."

Bodaboda akapiga honi. Nikapanda.


Jumapili, 6 Oktoba 2024

Nimempigia Mustafa kabla hajanywa chai. Nimemwambia arudishe mwanzo, wote, na maneno yangu humohumo. Nimemwambia pia kwamba Hiza hakuwahi kukubali kukatwa, nilidanganya. Akasema, "Mzee Mhina, bahati yako sikufuta ile ya kwanza." Hakusema zaidi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nadhani kuanzia leo ataniuliza kila kitu mara mbili.

Amemtumia Emiliana ule mwanzo. Saa nne hivi ikaja sauti ya Hiza kwenye simu yangu, sekunde nne tu. Anacheka. Anasema, "Mtani, unaongea sana, lakini napiga vizuri!"

Nimeisikiliza labda mara kumi.

Kwa Faudhia — bado. Nilijaribu wakati wa chakula cha mchana. Nikasema Mama Munira, unakumbuka mwaka tisini na nane. Akasema anakumbuka, nilikuwa na suruali moja. Akacheka peke yake kwa furaha, akaanza kusimulia jinsi nilivyomwimbia nyuma ya ghala la mahindi, kaka yake akisikiliza dirishani. Anakumbuka mpaka rangi ya ndoo aliyobeba. Nilimaliza wali wangu.


Jumanne, 8 Oktoba 2024

Sijamwambia.


Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Mustafa anataka maneno ya kava la albamu. Katuma orodha ya nyimbo tisa, mbele ya kila wimbo ameacha nafasi: Mtunzi. Nane nimezijaza haraka. Mbele ya "Majani Mawili" nimekaa tangu adhuhuri mpaka mteja wa kanzu akaja akaondoka.

Kwanza niliandika: Lwengera Jazz. Ili iwe ya wote. Nikafuta.

Kisha: Hiza na Mhina. Nikaona mkono wangu unavyopenda kujibanza pembeni. Nikafuta.

Hiza. Nimetuma.

Nikaongeza chini, nikamwomba Mustafa achape na hiyo: "Mwanzoni mwa wimbo huu mnamsikia Mhina akisema ameutunga yeye. Si kweli." Nilikuwa nimeanza kwa "kwa utani". Nikayatoa hayo maneno mawili. Ilinichukua muda mrefu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Nilijisikia mwanamume kwa dakika tano. Halafu nikagundua nimeungama kwa watu wa Korogwe, wa Muheza, wa Dar, kwa kila atakayeshika hilo kava. Isipokuwa mmoja, aliye upande wa pili wa ukuta, anachambua maharage. Maharage yenyewe ni ya kumpelekea Hiza.


Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Emiliana anakuja! Jumapili. Faudhia ndiye aliyemwita. Amekusanya debe la unga, maharage, mafuta ya ufuta ya kumchulia Hiza ule mkono, akaona mzigo ni mkubwa, bora dada aje mwenyewe, apumzike kuuguza siku moja. Ameniambia kana kwamba ananipa zawadi.

Baada ya sala ya Ijumaa nilibaki msikitini peke yangu. Niliomba nipate maneno. Sikuomba ujasiri, nikijua nikipewa nitalazimika kuutumia.

Leo jioni nitasema. Au kesho.


Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Umeme umekatika tangu saa sita. Faudhia ameenda kwa dada yake kusukwa, karudi saa kumi na mbili, kachoka. Nilisema Mama Munira nina jambo. Akasema, la heri? Nikasema la heri, tutaongea kesho.

La heri! Mungu nisamehe.


Jumapili, 13 Oktoba 2024

Naandika chumbani, mlango nimeurudisha. Nimewaambia natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Nilipanga kusema asubuhi kabla mgeni hajafika. Niliamka nikamkuta Faudhia jikoni anakaanga maandazi, amevaa kile kitenge cha zambarau. Nikasema, Mama Munira. Akasema shika huu mwiko. Nikashika. Nikageuza maandazi sinia zima, na bodaboda ikasimama nje.

Emiliana. Kaingia na fungu la majani ya chai mabichi yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, zawadi ya shambani. Faudhia kamwamkia shikamoo dada, wamekumbatiana. Mimi nikapewa mkono. Aliniangalia mara moja tu, usoni, kama mtu anayesoma kama posho imeingia. Akajua haijaingia, sijamwambia Faudhia.

Wakakaa sebuleni. Habari za mgonjwa: anasimama, anatembea mpaka mlangoni, mkono bado. Faudhia akasema atapona. Kisha — nilijua! — akasema, "Dada, Mustafa kautuma wimbo wote, si ule mwanzo tu! Subiri." Simu yangu ilikuwa mezani. Akaunganisha na ile spika ndogo ya Munira.

Hapo ndipo nilipokumbuka miwani.

Nasikia. Makofi ya watu. Gitaa linaingia, polepole. Halafu sauti yangu, kubwa kuliko ilivyokuwa ukumbini. Niliutunga mimi. Kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Nimeziba sikio moja, nimeandika sentensi hiyo kwa mkono mmoja, angalia mwandiko ulivyo.

Gitaa sasa liko peke yake. Hata mimi, hapa, naomba lisiishe. Hiza anapiga kama mtu anayemfuata mtu kwenye njia nyembamba, hamkimbilii, hamwachi.

Limeisha. Faudhia ameuzima wimbo kabla sijaanza kuimba. Anamwambia Emiliana, "Dada, unalia. Pole. Mkono utarudi." Faudhia anamfariji, anamweleza, ile sauti yake ya kusimulia vitu vizuri: majani mawili ni yeye na mimi, na chipukizi ni Munira. Anacheka kidogo. Kisha, kwa kumchangamsha mgeni tu, nina hakika, amechukua lile fungu lililo mezani, nasikia jani la mgomba likifunguliwa.

"Hivi dada, huko kwenu chai inachumwaje? Mnachuma jani moja moja, au tawi zima?"

Emiliana amechelewa kujibu. Ananipa nafasi. Najua ananipa mimi, mlango huu ni wa mbao tu. Nimesimama. Nimekaa tena.

"Mawili," amesema. "Majani mawili na chipukizi."

Fungu limewekwa mezani. Kiti kimesogea. Wimbo haujawashwa tena.

"Baba Munira."

Hajapaza sauti. Nimeitika. Nimesema nakuja, na kalamu bado inaandika.